Aibu Haina Matanga

Msiba tunaujua. Mtu akifariki mtaani, kabla jua halijazama turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na daftari la rambirambi limeanza kujaa. Unafika, unasema pole, unakaa. Kukaa kwenyewe ndiyo kazi.

Aibu haina matanga. Mtu akifukuzwa kazi, akiachika au akifeli, tunaipita nyumba yake haraka, tukijiambia kwamba tunamsitiri. Pengine ni kweli. Kusitiriana ni adabu tuliyolelewa nayo. Lakini aliye ndani anaona jambo moja tu: hakuna anayekuja.

Nililiona hili Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa. Takribani watahiniwa 6 kati ya 10 walipata sifuri. Nchi nzima ilijadili, Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye mwaka huohuo matokeo yakapangwa upya. Kaka yangu alikuwa mmoja wa umati huo, ila alijifungia chumbani kana kwamba amefeli peke yake Tanzania nzima. Alikula usiku, sisi tukiwa tumelala. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na binti mwenye sifuri kama yake. Naye hakutoka nje. Hawakuonana mwezi mzima.

Mtafiti wa Kimarekani, Brené Brown, hutenganisha hatia na aibu: hatia inahusu ulichotenda, aibu inahusu wewe ulivyo. Ulichotenda unaweza kukirekebisha. Ukiamini kwamba kasoro ni wewe mwenyewe, kinachobaki ni kujificha.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Asali sana, akaze buti, arudie mtihani. Wote waliutoa wakiwa wamesimama mlangoni. Aliyeketi ni mama mmoja jirani, muuza vitumbua. Alikuja na sinia la mchele, akakaa kwenye mkeka uani, akaita, "Mwanangu, njoo unisaidie kuchambua. Macho yangu siku hizi hayaoni mawe."

Kaka akatoka, akamwamkia, akakaa. Walichambua kimya. Kisha yule mama, bila kumtazama, akasema kwamba yeye alifeli darasa la saba, na kwa miezi mingi alikwenda kisimani gizani ili asikutane na wenzake waliofaulu.

"Hukuogopa giza?" kaka akauliza.

"Niliwaogopa wao zaidi."

Kaka akacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu matokeo yatoke.

Pole ya mlangoni haimgharimu anayeitoa. Yule mama alilipa: alitoa aibu yake ya miaka mingi, akaiweka kwenye sinia pamoja na mchele, kijana aione.

Huenda nawe unamjua mtu ambaye hapokei simu tangu mambo yalipomharibikia. Unachelewa kwenda kwa sababu huna la kusema. Msibani pia huwa hatuna.