Baridi ya Kilimanjaro Hutoka Chini

Mkazi wa mjini anayejiandaa kuupanda Mlima Kilimanjaro aghalabu huanza kwa kutafuta koti zito. Aliyekwisha kulala huko huuliza kwanza habari ya godoro, kwa kuwa anajua kwamba ardhi ya mlimani humnyonya mtu joto usiku kucha.

Wanaofuata njia ya Marangu hulala katika vibanda vyenye vitanda na magodoro. Anayepitia Machame hulala hemani. Usiku wa kwanza, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hutandika juu ya udongo wenye unyevunyevu wa msitu. Usiku wa pili huwa katika uwanda wa Shira, mita 3,800 hivi, ambako msitu umekwisha na sakitu huweza kuonekana alfajiri juu ya hema. Baadaye hufika Barafu, zaidi ya mita 4,600, mahali pa mawe matupu, na jina lake latosha kuwa onyo. Hapo ndipo wapandaji huamka usiku wa manane kukielekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Aliyetetemeka badala ya kulala huianza safari hiyo akiwa amechoka.

Mfuko wa kulalia, hata ukiwa mnene, hauwezi kuifanya kazi hii peke yake. Unene wake huhifadhi hewa, na hewa hiyo ndiyo itunzayo joto. Mtu akiulalia, upande wa chini hubanwa, hewa ikatoka, na baridi ya jiwe ikamfikia mgongoni.

Magodoro ya safari yako ya aina tatu. La sponji ngumu isiyonywa maji ni jepesi, halipasuki na bei yake ni nafuu, ila joto lake ni la wastani. La hewa tupu ni laini, lakini hewa huzunguka ndani yake na kulipeleka joto ardhini. La tatu hujazwa hewa pia, ila ndani mna sponji, manyoya au tabaka za kuzuia joto lisipotee. Hilo ndilo lenye joto zaidi, nalo huogopa mawe makali.

Mnunuzi na atazame herufi R na nambari yake. Tangu mwaka 2018 ipo kanuni maalumu ya kupima nambari hiyo, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo godoro linavyokinga baridi. Kwa Barafu, ni busara isipungue 4. Tena nambari hizo hujumlishwa: magodoro mawili ya sponji yenye 2 kila moja yakitandikwa pamoja hufanya 4. Kwa mwenye kipato kidogo, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini mlimani hatulali peke yetu. Mpagazi, ambaye kanuni za hifadhi zinamwekea kikomo cha mzigo wa kilo 20, hulala juu ya mawe yale yale, na asubuhi hutangulia kwenda kutusimamishia hema. Naye ni baba au mtoto wa familia kama zetu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuilipa kampuni ya safari, usiulize tu utakula nini na utapanda kwa siku ngapi. Uliza pia wapagazi watalalia nini.