Laki Mbili za Upepo

Mpanda watu huliita sanduku zima la kompyuta ya mezani “CPU”. Sihangaiki kuwasahihisha. Ukiwaambia CPU yenyewe ni kile kijibati kinachoenea kiganjani, watakuuliza: sasa sanduku kubwa hivi la nini? Ndilo swali aliloniuliza baba, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu katika milioni moja na laki sita za kuunda kompyuta yangu, laki tisa zilikuwa zake, malipo ya tumbaku.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Nilikuwa nafanya kwa kompyuta mpakato, na mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ilikuwa inanitia aibu. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo video ya saa tatu ilikesha ikisagwa, asubuhi nakuta nusu, na bibi harusi ameshapiga simu mara mbili. Wenzangu wawili tulioanza nao walishahamia Mwanza na Dar es Salaam. Mama aliacha kuniuliza kama nami nitaondoka. Alianza kuuliza lini.

Baba alitaka ninunue mpakato nyingine, mpya. Nikamwambia: baba, mpakato ikifa, mara nyingi inakufa yote. Ya mezani inakufa kwa vipande. Feni ikifa unabadili feni. Kwa mtu wa Kariakoo tofauti hiyo ni ndogo, anavuka barabara tu. Huku kwetu kipande kinapanda basi, kinapita Tabora, Sikonge, Koga, na wewe unampigia simu kondakta kila baada ya saa mbili. Hilo alilielewa upesi. Pikipiki yake ameibadilisha vipande hadi sijui kilichobaki cha kwanza ni kipi.

Kilichomshinda ni kasha. Shilingi 220,000 kwa bati tupu, uso wake wavu mtupu, ndani nafasi ya kulala kuku na vifaranga.

“Mwanangu, yaani laki mbili na ushee, kununua upepo?”

Nilijaribu kumchorea. Feni tatu mbele zinavuta hewa baridi, moja nyuma inatoa ya moto. Akanyamaza, akachukua kalamu, akachora bani juu ya mchoro wangu.

Baba analima tumbaku ya mvuke upande wa Nsimbo, na bani analijua kuliko nitakavyoijua kompyuta. Moto unakaa nje kwenye tanuru, joto linaingia kwa mabomba yanayopita chini, hewa safi inaingia kwa matundu ya chini, unyevu unatokea juu. Siku za kwanza jani linageuka njano kwa nyuzi kama 35, matundu yamefungwa. Baadaye unayafungua, joto linapanda polepole, hadi kikonyo kikauke karibu na nyuzi 70. Ukichelewa kufungua, jani linachemka na kuwa jeusi, na msimu wako unapangwa daraja la chini mbele ya macho yako. Mtu aliyewahi kupoteza bani zima kwa ajili ya matundu hahitaji kuelezwa kwa nini hewa inalipiwa.

Akauliza swali ambalo video nyingi za kompyuta nilizotazama haziligusi: “Na vumbi?” Hapo ndipo kazi ilipo. Kasha linalopitisha hewa sana linapitisha pia vumbi jekundu la Mpanda. Dawa yake ni kuingiza hewa nyingi kuliko inayotolewa, ili ya ziada itokee kwenye nyufa, na vumbi lisipate pa kupenya ila kwenye machujio ya mbele. Machujio nayaosha kila Jumapili. Kiangazi maji yake yanakuwa kama chai ya rangi.

Tuliiunga jioni moja. Nafasi ile aliyoiona hasara ndiyo iliyomruhusu kuingiza mkono wake wote, vidole vilivyokomaa kwa jembe, akakaza skrubu ya feni ya nyuma bila kugusa ubao. Umeme ulikatika mara moja, tukamalizia kwa tochi ya simu.

Video ya kwanza ya saa tatu ilitoka kwa dakika 50. Prosesa ilisimama nyuzi 71. Baba akatazama namba kwenye kioo, akasema hapo ni kikonyo tu, ongeza kuni.

Sijahama. Mwaka huu amelipwa nusu ya tumbaku yake, nusu nyingine anaahidiwa kila wiki, na mimi nimemrudishia laki nne katika zile tisa. Feni ya nyuma imeanza kuguna. Nimeagiza nyingine, kondakta anasema wametoka Sikonge.