Alilipukiwa, alilipuliwa, alijilipua

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Kazi za gazeti mnazijua. Lakini pia kuna habari moja imenikaa tangu Mwaka Mpya, na kila nikifungua kompyuta niiandike naishia kufuta. Leo naiacha itoke kama ilivyo.

Ni habari ya fataki. Si yule Fataki wa matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, jitu zima linalorubuni wasichana wa shule. Nasema fataki zenyewe, zile za kurushwa angani, ambazo wengine huziita fashifashi. Na ni habari ya vifo. Kama leo huna moyo wa mambo hayo, pita tu, tutaonana wiki ijayo.

Usiku wa mkesha nilikuwa zamu. Zamu ya mkesha hupewa wasio na mke na wasio na mjomba mkubwa, na mimi nina sifa zote mbili. Saa nane usiku ikaja simu: kijana amefariki pembezoni mwa Dar es Salaam, kuna fataki imelipuka. Kesho yake mchana, niliporudi kutoka polisi, nikakuta kichwa cha habari kimeshaandikwa kwenye skrini: AJILIPUA KWA FATAKI.

“Bosi, nani kasema kajilipua?”

“Si alikuwa nayo mwenyewe?”

“Kuwa nayo ni kitu kingine.”

“Haya, tafuta neno jingine linaloingia safu mbili.”

Tukaandika kwamba amefariki baada ya kulipukiwa. Haikuingia safu mbili, ikabidi picha ipunguzwe. Mhariri wangu ni mtu mwema, alinuna nusu saa tu.

Hebu itazameni lugha yetu ilivyo. Alilipukiwa: kitu kimemlipukia, bahati mbaya. Alilipuliwa: kuna mtu nyuma yake. Alijilipua: ni yeye. Herufi mbili, j na i, zinabeba uamuzi ambao daktari na polisi wanaweza kuuhangaikia kwa miezi. Sisi tunazichapa kwa sababu zinaingia safu mbili.

Baada ya siku ile nikaanza kumsumbua daktari mmoja anayefanya uchunguzi wa maiti, rafiki wa kaka yangu. Aliniambia jambo ambalo lingetakiwa kubandikwa ukutani kwenye kila chumba cha habari: kilichomuua mtu ni swali moja, na namna alivyokufa ni swali jingine. La kwanza unauliza mwili: kuungua, moshi, jeraha, kukosa hewa. La pili lina majibu matano, yaani kifo cha kawaida, ajali, kujiua, kuuawa, au haijulikani. Mwili hujibu swali la kwanza vizuri kiasi. La pili mara nyingi hulijibu nusunusu.

Chukueni kisa ambacho dunia nzima ilikiona. Tarehe 1 Januari 2025, gari aina ya Tesla Cybertruck lililojaa fataki na mafuta lililipuka mbele ya hoteli ya Trump mjini Las Vegas. Saa chache kabla yake, New Orleans, mtu alikuwa amevamia umati kwa gari na watu 14 wakauawa. Magari yote mawili yalikuwa yamekodiwa kupitia kampuni moja, Turo. Ukiwa mwandishi, unaunganisha nukta. Saa zile zote televisheni ziliuliza swali moja tu: ni ugaidi?

Siku ya pili yake, mkuu wa polisi wa Las Vegas akatangaza matokeo ya ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Clark County. Mtu aliyekuwa ndani ya gari, mwanajeshi wa vikosi maalumu vya Marekani, alikuwa amekwisha kufa kabla ya mlipuko, kwa jeraha alilojitia mwenyewe. Watu saba waliokuwa karibu waliumia, si sana. FBI nao wakasema inaonekana ni askari aliyepigana vita nyingi na aliyekuwa akisumbuliwa na majeraha ya akili. Mwili ulikuwa umeungua kiasi cha kutotambulika, hivyo walianza na vitambulisho na michoro ya ngozini, na vinasaba vikaja kuthibitisha.

Kitu ambacho kila mtu alikiona, yaani moto ule na fataki zikiruka huku na huku, hakikuwa kilichomuua. Ningekuwa zamu siku ile ningeandika nini? Sijui. Nashukuru sikuwa zamu.

Nikamuuliza daktari: mnajuaje kama mtu alikuwa hai moto ulipoanza? Akasema wanafungua njia ya hewa. Aliyekuwa akipumua ndani ya moto huvuta masizi, utayakuta kwenye koo na mapafuni. Wanapima damu pia kuona kiasi cha kaboni monoksidi. Nikadhani nimeelewa: hakuna masizi, basi alikufa kabla. Akanikatiza. Mlipuko wa karibu unaweza kuua papo hapo, kabla mtu hajavuta pumzi hata moja, na masizi usiyaone vilevile. Kwa hiyo maiti hupigwa eksirei kabla ya kitu chochote, kutafuta vipande vya chuma au risasi, kisha majeraha yanapimwa moja moja: mwili ulikuwa umeelekea wapi, umbali gani, mikono ilikuwa wapi.

Akanieleza pia kwamba joto kali hukaza misuli, mikono ikajikunja mbele ya kifua kama ya bondia. Ndugu wakiona hivyo husema marehemu alikuwa akipigana na mtu. Ngozi hupasuka kwa joto ikafanana na majeraha ya kisu, na mfupa huvunjika bila kupigwa. Fikirini ni kesi ngapi za mitaani zimeanzia hapo, kwa jirani mmoja aliyechungulia mochwari akatoka na hadithi.

Hata kemia inachanganya. Rangi nyekundu ya fataki inatokana na madini ya stronti, ya njano na sodiamu, ya kijani na bariamu. Bariamu hiyohiyo, pamoja na risasi (madini ya risasi, nakusudia) na antimoni, ndiyo wanayoitafuta maabara kwenye mikono ya mtu anayeshukiwa kufyatua bunduki. Ukipima mikono ya watu waliotoka kwenye sherehe ya fataki unaweza kukuta chembechembe zinazofanana na za bunduki. Mtaalamu mzuri hutazama na vinavyoambatana nazo, kama magnesiamu, potasiamu na klorini, ndipo aseme hizi ni za fataki. Mtaalamu mwenye haraka anaweza kumfunga mtu.

Swali la nia ni gumu zaidi, kwa sababu nia haibaki mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa Los Angeles, Theodore Curphey, alichoka na mafaili ambayo hakuweza kuamua kama ni ajali au ni mtu kujiua. Akawaendea wanasaikolojia Edwin Shneidman na Norman Farberow, na daktari wa akili Robert Litman, waliokuwa na kituo cha kuzuia watu kujiua. Wao wakaanza kuwatembelea ndugu, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani, na kuuliza alikuwa mtu wa namna gani, wiki ya mwisho alifanya nini, alipanga nini. Utaratibu huo ukaitwa uchunguzi wa kisaikolojia wa maiti. Marilyn Monroe alipofariki mwaka 1962, timu hiyo ndiyo iliyoitwa, na jibu lililotoka lilikuwa “yaelekea alijiua”. Yaelekea. Mtu maarufu kuliko wote, wataalamu wote wale, na bado wakaacha lile “yaelekea”.

Sasa narudi kwa kijana wetu. Wiki nne baadaye mlinzi akanipigia simu kutoka getini, kuna mzee ananiulizia. Nikashuka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika habari ya mtoto wangu?”

Alikuwa na kipande cha gazeti, si letu, la wenzetu wa mtaa wa pili. Kimekunjwa mara nne. AJILIPUA. Mtoto wake alikuwa amepoteza kazi mwezi Novemba na watu walijua. Neno lile lilipotoka, mtaa mzima ukaunganisha nukta kama televisheni za Las Vegas. Wapo ambao hawakufika msibani. Mmoja wa wazee wa msikitini alisita kuja kwenye dua. Mama wa kijana hakutoka nje siku kumi.

“Mimi sitaki fidia,” mzee akasema. “Nataka kujua neno hili mmelitoa wapi.”

Nilimpeleka kwenye mgahawa wa jirani, tukaagiza chai ambayo hakuigusa. Ripoti ya daktari alikuwa nayo kwenye bahasha. Majeraha yote yalikuwa ya mtu aliyeinama kuangalia fataki iliyogoma kuwaka, yaani utambi umeungua na yeye akadhani umezimika. Kulikuwa na mambo mengine mawili, ambayo polisi waliyaandika na magazeti hayakuyaandika. Kabla ya kuinama alimwambia mpwa wake wa miaka tisa asogee nyuma. Na chumbani kwake kulikuwa na tiketi ya basi la Tanga la tarehe 3 Januari, kwa ajili ya usaili wa kazi. Shneidman angekaa na tiketi ile mchana kutwa.

Na kama kweli angekuwa amejiua? Nalitafakari hili pia, kwa sababu sitaki ionekane kwamba kosa ni la neno tu. Mzee yule angekuwa na msiba uleule na haki ileile ya kuzikiwa mtoto. Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Mpaka siku ile, “ji” ingeweza kumtoa mtu wodini ikampeleka mahabusu. Shirika la Afya Duniani nalo lina mwongozo kwa waandishi tangu mwaka 2000, uliohuishwa mwaka 2023: usiweke njia aliyotumia mtu kwenye kichwa cha habari, usieleze alivyofanya, waambie wasomaji msaada uko wapi. Nimeuchapa na kuuweka mezani kwa bosi. Ameutumia kuwekea kikombe, lakini naona ameusoma. Na wewe unayesoma hapa ukiwa peke yako usiku na mawazo mazito, tafadhali mpigie mtu mmoja sasa hivi, au nenda hospitali iliyo karibu. Sitanii.

Limebaki neno la katikati, alilipuliwa. Hapa ndipo wakubwa wanapojificha.

Kampala, usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, watu walikuwa kwenye tamasha katika jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe. Saa sita ikafika, mshereheshaji akawaambia watoke nje waone fataki. Fataki zilipokwisha, umati ukabanana njiani, na watu wasiopungua tisa wakafa, wengi wao watoto na vijana. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na cheche. Anayebanwa kwenye umati hufa akiwa amesimama wima, kifua hakina nafasi ya kupanuka. Magazeti mengine yaliandika “vifo vya fataki”. Polisi wa Uganda hawakwenda kumtafuta aliyetengeneza fataki, walikwenda kwa mwandaaji wa tamasha, akakamatwa na kushtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo.

Rhode Island, Marekani, 20 Februari 2003, ndiyo mfano ninaoupenda kuwasimulia wenzangu wa picha. Bendi iliwasha fataki za jukwaani ndani ya klabu ya The Station, sponji ya ukutani ikashika moto, watu 100 wakafa. Ndani ya ukumbi alikuwamo mpiga picha wa televisheni, amekuja kurekodi habari kuhusu usalama wa kumbi! Mkanda wake ukawa ushahidi wa sekunde kwa sekunde. Taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, NIST, ikajenga mfano wa jukwaa lile na kuliwasha tena: ndani ya sekunde 90 hali haikuwa ya mtu kuishi. Meneja wa safari za bendi, aliyewasha fataki, alikiri mwaka 2006 makosa 100 ya kuua bila kukusudia. Nani alichagua sponji ile, hilo lilichukua mabishano marefu zaidi.

Na Enschede, Uholanzi. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki lilipuka katikati ya mtaa wa Roombeek. Watu 23 walikufa, wanne kati yao wazimamoto, na kama 950 walijeruhiwa. Ilikuja kubainika kwamba ghalani kulikuwa na fataki zenye nguvu kuliko zilivyoruhusiwa, katikati ya nyumba za watu. Mwaka 2002 mtu mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuchoma moto. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikamwachia huru, ushahidi hautoshi. Wakurugenzi wa kampuni walipata kifungo cha mwaka mmoja. Cheche ya kwanza ilitoka wapi, haikuthibitishwa, na wachunguzi waliandika hivyohivyo, chanzo hakijulikani. Nilimwonyesha bosi. Akaniambia hiyo inaingia safu mbili vizuri tu.