Fundi wa Muziki wa Gemu za DOS

Fundi anayesimuliwa hapa ndiye mwandishi wa makala haya. Kazi yake ni kufufua kompyuta za miaka ya 1980 na 1990, na sehemu anayoipenda kupita zote ni kuzirudishia gemu za DOS muziki wake. Mteja akileta mashine, swali la kwanza si la kadi ya sauti. Ni la gemu: ilitoka mwaka gani?

Jibu hilo huamua kazi yote. Muziki wa MIDI haubebi sauti, hubeba maagizo tu: noti ipi ipigwe, kwa ala namba ngapi, kwa nguvu kiasi gani. Kinachopiga ni kifaa. Kampuni ya Sierra ilipotoa King's Quest IV mwaka 1988, muziki wake ulikusudiwa Roland MT-32, kisanduku kilichoingia sokoni 1987. Mpangilio wa General MIDI, wenye ala 128 zenye namba zinazofanana kwa watengenezaji wote, ulikuja 1991. Basi gemu ya 1988 ikipigiwa kwenye Roland SC-55, kisanduku kinachofuata mpangilio huo, namba zilezile huita ala nyingine kabisa, na utunzi mzuri huharibika. Tena gemu nyingi za Sierra huanza kwa kupakia sauti zake zenyewe ndani ya MT-32, jambo ambalo SC-55 haiwezi kulipokea.

Kwa Doom ya 1993, yenye muziki wa Bobby Prince, SC-55 ndipo mahali pake.

Mezani, fundi huanza na kadi ya sauti ya Sound Blaster 16. Katika faili la AUTOEXEC.BAT huandika SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6, kisha huchomeka kebo kwenye mlango wa jostiki wenye pini 15, na upande wa pili huingia kwenye tundu la MIDI la pini 5 la kisanduku. Katika programu ya kusanidi gemu huchagua General MIDI, anwani 330. Gemu nyingi za baada ya 1991 huimba papo hapo.

Za zamani zina masharti. Roland MPU-401 ya 1984, kiolesura cha MIDI cha kompyuta, ilikuwa na prosesa yake iliyopanga mapigo ya muziki bila kuisumbua kompyuta, na gemu kadhaa za awali huitegemea. Kadi nyingi za baadaye zilibakiza njia rahisi tu ya kupitisha data, kwa hiyo gemu hizo hunyamaza kimya. Dawa anayoiamini fundi ni SoftMPU, programu inayokaa kwenye kumbukumbu pamoja na EMM386 na kuigiza kazi ya prosesa ile. Programu hiyo pia hupunguza kasi ya maagizo, kwa kuwa MT-32 za mwanzo hulemewa yakija mfululizo.

Mambo yakikaa sawa, gemu huandika maneno yake kwenye kioo kidogo cha MT-32 chenye nafasi 20 za herufi. Fundi huyu hajawahi kuchoka kuyaona.

Msomaji mwenye kisanduku cha aina hii kabatini asikitupe. Na kabla ya kukiwasha, aikague adapta: MT-32 na SC-55 hutumia volti 9, na katikati ya plagi ni hasi.