Kopo la mchezo lilipogeuka hofu ya bomu

Jumamosi moja asubuhi, mtoto wa miaka tisa wa familia ya Kitanzania inayoishi Leeds, Uingereza, alimfuata mama yake jikoni. Mkononi alikuwa na kopo la plastiki alilolizungushia selotepu nyeusi. Ndani kulikuwa na kidaftari, penseli na pipi tatu.

“Mama, twende tukalifiche pale kituo cha basi. Nimeweka nyeusi ili watu wasilione.”

Ni mchezo uitwao jiokashi. Ulianza Mei 3, 2000 karibu na Beavercreek, Oregon, Marekani, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Mtu huficha kopo na kuweka mtandaoni mahali lilipo, wengine hulisaka kwa simu. Anayelipata huandika jina kwenye daftari, kisha hulirudisha palepale. Watoto wanaolalamika wakitumwa dukani hutembea kilomita nzima bila kunung’unika, na hapo mchezo huu una sifa zake.

Lakini mama alilitazama lile kopo, akili ikarudi Dar es Salaam, Agosti 7, 1998. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa.

Akamsimulia mwanawe habari ya Wetherby, mji mdogo hapohapo jirani na Leeds. Mwaka 2011 mchezaji alionekana akiacha kijiboksi nje ya mgahawa. Polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Kilikuwa kopo la mchezo tu.

“Si wangefungua waone?” mtoto akauliza.

“Nani afungue, baba? Wewe ungefungua?”

Mtoto akanyamaza. Mchezaji anajua kilichomo ndani. Mwenye mgahawa anaona mgeni anayeangalia huku na huku, anainama, anaondoka. Hawezi kulaumiwa kwa kupiga simu.

Walikaa mezani wakabandua selotepu yote, kazi iliyochukua muda kuliko kuibandika. Mama akatoa kopo jingine linaloonyesha vitu vya ndani, mtoto akaandika juu yake kwa kalamu nene kwamba ni la mchezo. Pipi zikatolewa, maana chakula hakiruhusiwi na huvuta wanyama. Kituo cha basi kikaachwa. Shule nayo, alipoitaja, ikakataliwa palepale, pamoja na reli na majengo ya serikali.

Ikabaki bustani ya mtaani. Hata hapo kuna mwenyewe, na kanuni za mchezo zinataka aombwe ruhusa kwanza. Mama akaandika barua pepe, mtoto akasimama begani akimsahihisha Kiingereza.

Jibu halijaja. Kopo lipo juu ya friji, na pipi zimekwisha siku ileile.