Zamu ya Alfajiri Katika Theluji

Tarehe 10 Januari, 1982, katika mji wa Newport, jimbo la Shropshire nchini Uingereza, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 26.1 chini ya sifuri. Katika sehemu yote ya England haijapata kuandikwa baridi kali kuliko hiyo, toka siku ile mpaka leo.

Asubuhi hiyo, katika kijiji kimoja kisicho mbali na mji huo, afisa mmoja wa polisi kutoka Uganda alikuwa amesimama dirishani, amevaa sweta mbili na koti juu yake, akitazama jambo ambalo hakulielewa. Alikuwa amepelekwa masomoni kwa miezi tisa, naye alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyepita umri wa miaka sabini. Bibi huyo alikuwa nje, miguu imezama katika theluji, mkono mmoja umeshika birika la maji ya moto na wa pili umeshika kopo. Alimwaga maji juu ya meza ndogo ya mbao iliyoganda barafu, akaisugua kwa brashi, akapanga juu yake vipande vya mafuta ya ng'ombe, shayiri na matofaa yaliyoanza kuoza. Kisha akatundika tawini kifuko cha waya kilichojaa karanga. Hata kabla hajageuka, ndege walikuwa wamekwisha kutua.

Karanga ndizo zilizomchoma moyo afisa yule. Mama yake mzazi alizilima huko mashariki ya Uganda, akiinama juani toka siku ya kupanda hata siku ya kung'oa, na kwa karanga hizo alilipa ada ya shule. Mkewe na watoto walikuwa wamebaki katika nyumba za askari, na barua ya mwisho aliyoipata ilikuwa na habari tatu tu: sukari haipatikani, sabuni haipatikani, na mtoto wa mwisho ameanza kutembea.

Bibi aliporudi jikoni, afisa hakuweza kujizuia.

"Mama," alisema kwa adabu, "kwetu sisi karanga ni chakula cha watu."

Bibi alivua glavu, akaisogelea jiko la makaa. "Hata hapa ni chakula cha watu, mwanangu," alijibu. "Zangu na zao zinatoka katika pensheni ile ile moja. Lakini mimi jana usiku sikuwa katika hatari ya kufa. Wao walikuwa katika hatari."

Hakusema zaidi siku ile. Jioni, wakiwa karibu na moto, ndipo alipomsimulia habari za baridi ya mwaka 1963. Theluji ilianza kuanguka siku iliyofuata Krismasi ya 1962, na sehemu nyingi haikuondoka mpaka mwanzo wa Machi. England haikuwa imeona majira ya baridi makali kiasi hicho tangu mwaka 1740. Bibi alikuwa akiokota ndege waliokufa chini ya ua wake kila asubuhi, wepesi mkononi kama majani makavu. Kindege kimoja cha rangi ya kahawia chenye mkia uliosimama, ambacho Waingereza hukiita reni, kilipungua mno nchini, hata ikakadiriwa kwamba robo tatu hivi yao waliangamia. Majira ya kuchipua yalipofika, bustani ilikuwa kimya. Tangu mwaka ule, kwa sababu ya kimya kile, bibi aliapa kwamba baridi haitamkuta tena mikono mitupu.

Mtu aliyezaliwa penye jua la mwaka mzima aweza kudhani kwamba ndege hufa kwa sababu ya baridi yenyewe. Sivyo. Manyoya ni koti jema, na ndege akiyavimbisha huhifadhi joto ndani yake. Kinachoua ni njaa. Katikati ya majira ya baridi, mchana wa England hudumu saa nane tu, na usiku saa kumi na sita. Ndege wa buluu na manjano ajaye kwenye karanga ana uzito wa gramu 11 hivi, yaani hazidi sana uzito wa barua moja. Katika saa nane za mwanga hana budi kupata mafuta ya mwili yatakayowaka kama kuni usiku kucha. Kwa usiku mmoja mkali ndege mdogo aweza kupoteza hata sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Kukipambazuka hana akiba tena. Kwa hiyo chakula cha alfajiri kina thamani kuliko chakula cha saa sita, na maji yasiyoganda yana thamani kama chakula, kwa kuwa kila dimbwi limegeuka jiwe.

Siku chache baadaye bibi aliteleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika mfupa wa nyonga. Gari la hospitali lilipofika, na wauguzi wamekwisha kumlaza kwenye machela, aliushika mkono wa mpangaji wake. Hakusema habari za nyumba wala za fedha. Alisema, "Ndege wangu."

Afisa yule alikuwa mtu wa kazi, na amri ni amri. Aliipokea zamu hiyo kama alivyopokea zamu nyingine zote, bila ya kuipenda. Kila jioni alipokwenda hospitali kumwamkia bibi, alirudi na maagizo mapya, akayaandika katika daftari lake la kozi. Karanga ziwe hazina chumvi wala ukungu, kwa maana ukungu wa karanga ni sumu. Ziwekwe ndani ya waya, wala si wazi, ili ndege wazidonoe vipande vidogo. Mafuta ya ng'ombe ni mema, lakini mafuta yaliyokwisha kupikiwa yenye chumvi ni mabaya. Mkate hushibisha tumbo bila ya kutia nguvu. Nazi kavu iliyokunwa isitolewe kamwe, kwani huvimba tumboni. Maji yawekwe katika sahani isiyo na kina, yabadilishwe kila asubuhi, wala yasitiwe chumvi ili yasigande. Meza isuguliwe, kinyesi na mabaki yaondolewe.

Hali kadhalika kulikuwa na maagizo ya wanyama. Rundo la majani makavu pembeni mwa bustani lisiguswe wala lisichomwe, kwa kuwa ndani yake huenda amelala kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba, ambaye hulala majira yote ya baridi na moyo wake hupiga mara 20 hivi kwa dakika badala ya mara 190. Akiamshwa bure huteketeza akiba yake. Akionekana anatangatanga, apewe maji na nyama, wala asipewe maziwa, kwa maana humharisha. Barafu ya kidimbwi isipigwe kwa nyundo, maana mshindo huumiza samaki na vyura walio chini. Iyeyushwe kwa kuweka juu yake sufuria ya maji ya moto.

Zamu ilikwenda vizuri kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu kulikuwa na mtihani. Afisa alikuwa amekesha akisoma, akaamka amechelewa, akatoka mbio bila ya kutazama upande wa bustani. Alijiambia kwamba ndege wana mabawa, watakwenda kwingine. Aliporudi jioni giza limekwisha kuingia, aliwasha tochi. Meza ilikuwa tupu, imefunikwa na barafu, na chini yake alikuwapo ndege mmoja mwenye kifua chekundu, amelala chali, miguu imekunjwa.

Hakuna awezaye kusema kwamba ndege huyo alikufa kwa sababu ya asubuhi ile moja. Huenda alikuwa mgonjwa, huenda alikuwa mzee. Afisa aliwaza hayo yote. Lakini alijua pia kwamba ndege yule alikuwa amezoea kuanzia siku yake mahali pale, na kwamba alfajiri ile alifika akakuta patupu. Alimzika chini ya ua, na jembe lilishindwa mara tatu kupasua ardhi iliyoganda. Kesho yake alikwenda hospitali akamweleza bibi jambo lile kama mtu atoaye taarifa kwa mkubwa wake, bila ya kupunguza neno. Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na leo umewapa?" Akajibu kwamba amewapa. "Basi," bibi alisema.

Tangu siku ile hakukosa. Alianza pia kukaa dirishani jioni, akitazama reni wakiingia mmoja mmoja katika kisanduku cha mbao kilichopigiliwa ukutani, ili walale wamebanana na kupeana joto. Mchana vindege hivyo hugombana, lakini baridi huvipatanisha. Huko Norfolk, mwaka 1969, walihesabiwa reni 61 katika kisanduku kimoja. Afisa alihesabu wake tisa, na hesabu ya tisa ilipokamilika ndipo alipofunga pazia.

Bibi alirudi nyumbani mwezi wa Machi, akitembea kwa fimbo. Katika Aprili, mbayuwayu waliingia katika banda la jirani, na bibi akamwita mpangaji wake atoke nje awaone. "Hawa siwalishi mimi," alisema. "Wakati wa baridi wako kwenu. Ninalisha wale wasioweza kwenda." Halikuwa neno la kubahatisha. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete mguuni mwezi wa Mei 1911, katika jimbo la jirani la Staffordshire, alikamatwa Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa kwanza wa safari ndefu ya mbayuwayu wa Uingereza.

Afisa alirejea nyumbani akakuta sabuni bado ni shida. Mwezi wa Oktoba, mbayuwayu walipotanda juu ya uwanja wa gwaride wakila nzi, mwanawe wa kwanza aliingia mlangoni na manati shingoni na ndege watano amewafunga kamba. Si lazima wawe wa Shropshire. Mbayuwayu wa Uingereza wengi huishia Afrika Kusini, na wapitao Uganda wengi hutoka nchi nyingine za Ulaya na Asia. Mama watoto alitazamia kusikia fimbo. Haikusikika. Baba alimketisha mtoto, akamweka ndege mmoja katika kiganja chake, akamwambia aupime uzito huo. Kisha akamsimulia habari za ndege mwenye kifua chekundu, na hakuficha ni nani aliyekuwa zamu siku ile. Toka hapo mtoto alipewa kazi: katika miezi ya kiangazi, sahani ya maji chini ya mwembe, ioshwe na kujazwa kila alfajiri.

Miaka imepita. Uingereza kwenyewe, tangu mwaka 1979, watu huketi saa moja mwishoni mwa Januari kuhesabu ndege wa bustani zao, na hesabu hizo zimeonyesha kwamba hata shomoro, aliyedhaniwa hatakwisha, amepungua zaidi ya nusu. Usafi nao umeonekana kuwa si jambo dogo. Tangu mwaka 2005 ugonjwa wa koo unaoenezwa kwenye vyombo vichafu vya chakula na maji umewaua chiriku wa kijani wa nchi ile kwa wingi mno. Mkono unaolisha bila ya kuosha waweza kuua kuliko baridi.

Afisa yule sasa amestaafu. Mtoto wa manati ni mtu mzima, anafanya kazi Birmingham, na ana watoto wake. Januari moja, theluji ilipoanguka huko, alipiga simu nyumbani.

"Shikamoo, baba. Nimewatundikia ndege karanga."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu. "Chombo umekiosha?"

Kulikuwa na kimya kidogo upande wa pili.

"Kakioshe kwanza," mzee alisema, "halafu unipigie tena."