Jua la Jioni na Televisheni ya Sebuleni

Televisheni ni chombo kinachonunuliwa kwa jasho. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Dar es Salaam hupatikana baada ya kujinyima kwa miezi mingi, kisha hupewa mahali pa heshima sebuleni. Kwa bahati mbaya, mara nyingi mahali hapo hutazamana na dirisha la magharibi.

Jirani yangu, fundi cherehani, aliiweka yake mahali kama hapo. Haukupita mwaka, upande mmoja wa kioo ukageuka manjano na picha ikafifia. Fundi alimweleza kwamba gharama ya kubadili kioo ingekaribia bei ya televisheni mpya. Nilimwona mkewe akikifuta kioo kile tena na tena, kana kwamba lile doa lilikuwa vumbi.

Ndani ya televisheni bapa nyingi za siku hizi mna tabaka la fuwele za majimaji, na juu yake utando wa plastiki unaochuja mwanga. Joto likizidi, fuwele hupoteza mpangilio wake na kioo huingia weusi. Aghalabu weusi huo huondoka kinapopoa. Lakini utando ulioharibiwa na jua la kila siku haurudii hali yake. Joto hilo hilo hukausha kapasita na kufupisha maisha ya taa za ndani.

Ndugu msomaji, uchunguze ukuta wako kabla ya kupigilia msumari. Mwezi Juni jua letu huzama upande wa kaskazini ya magharibi, na Desemba upande wa kusini. Basi ukuta wenye kivuli Juni waweza kuchomwa Desemba. Ikiwa chumba ni kimoja na hapana pa kuihamishia, tundika pazia zito. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma yake. Vile vitambaa vya kufuma tunavyovipenda visizibe matundu ya hewa. Wakati wa kusafisha, izime, iache ipoe, kisha uifute kwa kitambaa laini kikavu.

Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzijoto 40 kwa hewa ya chumbani. Chini ya bati lisilo na dari, alasiri ya Februari, kikomo hicho hakiko mbali. Pazia la kitenge ni gharama ndogo. Kioo ni akiba ya familia nzima.